Tiba ya Kumbukumbu: Namna Simulizi za Maisha Zinavyochangia Ustawi wa Wazee

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika kaya nyingi nchini yupo mzee ambaye kila jioni hurudia simulizi ileile: safari yake ya kwanza kwa garimoshi, siku aliyopokea mshahara wake wa kwanza, au mvua za mwaka fulani zilizosomba daraja la kijijini. Wajukuu huangaliana wakacheka chinichini, mmoja wa wakubwa husema, "Hiyo ulishatusimulia, babu," na mazungumzo huishia hapo. Mzee hunyamaza. Kadiri siku zinavyokwenda, huzoea kunyamaza.

Kwa miaka mingi hata wataalamu wa afya walichukulia tabia ya wazee kuzungumzia mambo ya zamani kuwa dalili ya akili kuchoka. Mtazamo huo umebadilika. Leo inafahamika kuwa kukumbuka na kusimulia maisha ni hitaji la kawaida la mtu aliyefikia umri mkubwa, na kwamba likiongozwa vizuri linaweza kuwa sehemu ya huduma za afya na ustawi wa jamii. Huduma hiyo ndiyo inayoitwa tiba ya kumbukumbu.

Makala haya yanaeleza maana ya tiba hiyo, chimbuko lake, ushahidi uliopatikana kuhusu faida na mipaka yake, na namna familia, vikundi vya wazee na watoa huduma wanavyoweza kuitumia bila gharama kubwa.

Maana ya tiba ya kumbukumbu

Tiba ya kumbukumbu ni mazungumzo yaliyopangwa, ambapo mzee mmoja au kundi la wazee huzungumzia matukio, kazi, watu na mazoea ya maisha yao ya nyuma, kwa msaada wa vitu vinavyoamsha kumbukumbu. Vitu hivyo vinaweza kuwa picha, nyimbo, zana za kazi, mavazi, vyombo vya nyumbani au harufu ya chakula fulani.

Wataalamu hutofautisha ngazi 3. Ngazi ya kwanza ni mazungumzo ya kawaida ya kumbukumbu, ambayo lengo lake ni kuchangamsha, kujenga urafiki na kupunguza upweke. Haya yanaweza kuongozwa na mwanafamilia au mtu mwingine yeyote mwenye subira na heshima.

Ngazi ya pili ni mapitio ya maisha. Hapa mzee hupitia maisha yake kwa mpangilio, tangu utotoni hadi sasa, akitazama mema na mabaya kwa pamoja ili apate picha kamili ya maisha aliyoishi. Mapitio ya aina hii kwa kawaida hufanywa na mtu mmoja mmoja, tena kwa vikao kadhaa mfululizo.

Ngazi ya tatu ni tiba ya mapitio ya maisha. Hii ni kazi ya mtaalamu wa saikolojia au wa afya ya akili, na huwahusu wazee wenye sonona au wenye majeraha makubwa ya moyo. Si kazi ya kujaribiwa nyumbani.

Chimbuko lake

Anayetajwa zaidi katika historia ya tiba hii ni Robert Butler, daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Marekani, ambaye utotoni alilelewa na babu na bibi yake. Mwaka 1963 alichapisha makala katika jarida la kitaaluma akieleza kuwa mwelekeo wa wazee kurudi katika mambo ya zamani hautokani na kuharibika kwa akili. Kwa maelezo yake, mtu anapohisi kuwa safari ya maisha inakaribia mwisho, nafsi yake huanza kupitia yaliyotokea, hasa migogoro ambayo haikupata suluhu. Anayefanikiwa katika mapitio hayo hupata utulivu. Anayeshindwa anaweza kuangukia katika majuto na kukata tamaa.

Butler aliendelea kuwatetea wazee katika maisha yake yote ya kazi. Mwaka 1969 alibuni neno la Kiingereza la kuelezea ubaguzi wa watu kwa sababu ya umri, na mwaka 1975 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani.

Hoja yake ilikwenda sambamba na fikra za mwanasaikolojia Erik Erikson, ambaye katika kitabu alichokichapisha mwaka 1950 aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua 8. Katika hatua ya mwisho, alisema Erikson, mtu hukabiliwa na kazi moja kubwa: kuyakubali maisha yake kama yalivyokuwa, au kuishi akiyasikitikia.

Baada ya hapo mbinu hiyo ilitoka katika vyumba vya madaktari na kuingia katika jamii. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1980, vifaa vya picha na sauti vilivyoandaliwa kwa ajili ya kuamsha kumbukumbu vilianza kutumika katika makazi ya wazee. Nchini Japani, ambako idadi ya wazee ni kubwa, baadhi ya manispaa zimetumia majumba ya makumbusho yenye vyombo na samani za zamani kama mahali pa wazee kukutana na kusimulia.

Kwa jamii zetu, kiini cha mbinu hii si kigeni. Kuzunguka moto jioni, kusikiliza ngano, mafundisho ya jando na unyago, na mabaraza ya wazee ni taratibu zilizompa mzee nafasi ya kusema na kijana wajibu wa kusikiliza. Methali isemayo kuwa penye wazee haliharibiki neno ilikuwa na mahali pa kutendeka. Kilichobadilika ni mazingira. Vijana wamehamia mijini, kaya zimekuwa ndogo, na jioni imechukuliwa na televisheni na simu za mkononi. Kilichokuwa kikitokea chenyewe sasa kinahitaji kupangiwa muda.

Kwa nini mambo ya ujanani hudumu

Watafiti wa kumbukumbu wamebaini kuwa watu wenye umri mkubwa wanapoombwa kutaja matukio ya maisha yao, hutaja kwa wingi zaidi yale yaliyotokea walipokuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30. Huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: shule, kazi, ndoa, mtoto wa kwanza, kuondoka nyumbani.

Chukulia mzee aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1950. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 alikuwa na miaka 11. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 alikuwa karibu na miaka 17. Ujenzi wa Reli ya TAZARA ulipoanza mwaka 1970 alikuwa na miaka 20. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza usafi na kinga ya magonjwa, ilifanyika mwaka 1973 akiwa na miaka 23. Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978 alikuwa na miaka 28. Kwa mzee huyo, miaka ambayo vijana wa leo huisoma katika vitabu vya historia ndiyo miaka ya moyo wake. Anayetaka kuzungumza naye vizuri hana budi kuanzia hapo.

Kwa wazee wenye demensia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kujihudumia, jambo hili lina uzito zaidi. Katika aina ya ugonjwa huo inayotokea kwa wingi, ile ya Alzheimer, sehemu ya ubongo inayohusika na kutunza mambo mapya huathiriwa mapema. Ndiyo sababu mzee anaweza kusahau kuwa amekunywa chai asubuhi, lakini akataja bila kusita jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Nyimbo alizoimba ujanani zinaweza kubaki hata pale maneno mengine yanapopotea. Mazungumzo yanayoanzia kwenye kile ambacho bado kipo humpa mzee nafasi ya kushiriki, badala ya kumkumbusha kila mara kile alichopoteza.

Ushahidi wa kitafiti

Tiba ya kumbukumbu imefanyiwa tafiti nyingi, na matokeo yake yanapaswa kuelezwa kama yalivyo.

Kwa upande wa sonona, uchambuzi wa pamoja wa tafiti 20 uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kukumbuka kwa utaratibu na mapitio ya maisha hupunguza dalili za sonona kwa wazee kwa kiwango cha kuridhisha. Uchambuzi mpana zaidi, uliohusisha tafiti 128 na kuchapishwa mwaka 2012, ulibaini nafuu ya wastani katika sonona na katika hali ya mzee kuyaridhia maisha yake. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo tiba ya mapitio ya maisha ilitolewa kwa watu waliokuwa na sonona au maradhi ya kudumu.

Kwa upande wa demensia, matokeo ni ya kiasi. Mapitio ya kitaalamu ya mtandao wa kimataifa wa Cochrane, yaliyotolewa mwaka 2018, yalichambua majaribio 22 yaliyohusisha watu 1,972. Yalibaini kuwa faida zipo, lakini mara nyingi ni ndogo na hutofautiana kulingana na mahali na namna tiba inavyotolewa. Ubora wa maisha uliimarika zaidi kwa wazee wanaoishi katika makazi maalumu, na mawasiliano yaliimarika zaidi kwa waliokutana katika vikundi.

Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha jozi 488 za wagonjwa wa demensia na ndugu wanaowatunza, haukuona faida ya jumla katika ubora wa maisha ya wagonjwa. Zaidi ya hapo, baadhi ya matokeo yalionyesha wasiwasi kuongezeka kwa ndugu wanaowatunza. Somo la utafiti huo ni la kiutendaji: anayemtunza mgonjwa tayari ana mzigo, na kumwongezea vikao bila kumpa nafasi ya kupumzika kunaweza kumchosha zaidi.

Kwa hiyo tiba ya kumbukumbu haiponyi demensia na haisimamishi ugonjwa huo. Haichukui nafasi ya dawa wala ya uchunguzi wa daktari. Inachoweza kufanya ni kuinua hali ya moyo, kufungua mawasiliano na kumrudishia mzee hadhi ya mtu mwenye jambo la kuwaambia wengine.

Uzoefu wa Wilaya ya Hai

Tanzania imechangia katika elimu ya eneo hili kupitia tafiti zilizofanyika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusisha watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wa umri huo walikuwa na demensia, kiwango kinachokaribiana na cha nchi zenye kipato kikubwa. Matokeo hayo yaliondoa dhana kwamba ugonjwa huo ni wa nchi tajiri peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Katika wilaya hiyohiyo ilijaribiwa tiba iliyo jirani na tiba ya kumbukumbu, yaani tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi. Tiba hiyo huwa na vikao 14, na baadhi ya mada zake, kama vile utoto, chakula na sauti za mazingira, hutegemea kumbukumbu za washiriki. Mazoezi yalirekebishwa yaendane na utamaduni wa eneo hilo na yaweze kufanywa hata na wazee wasiojua kusoma na kuandika. Matokeo ya jaribio hilo dogo la watu 34 wenye demensia ya kiwango cha chini na cha kati, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha nafuu katika uwezo wa akili na kupungua kwa wasiwasi. Jaribio hilo lilithibitisha kuwa huduma ya aina hii inawezekana vijijini, bila mashine na bila dawa za gharama kubwa.

Si kila kukumbuka kunaleta nafuu

Mwaka 1991 watafiti Paul Wong na Lisa Watt walizigawa kumbukumbu za wazee katika aina 6. Ipo ya kujipatanisha na maisha yaliyopita. Ipo ya kutafuta katika uzoefu wa zamani njia ya kutatua tatizo la sasa. Ipo ya kurithisha maarifa na maadili. Ipo ya kusimulia tu kilichotokea. Ipo ya kuyakimbilia ya zamani ili kuyakwepa ya leo. Na ipo ya kujitesa, ambapo mtu hulirudia kosa au msiba uleule bila kupata pa kutokea.

Watafiti hao walibaini kuwa wazee waliokuwa na hali njema walitumia zaidi aina 2 za mwanzo, na walikuwa na kiasi kidogo cha ile ya kujitesa. Kwa hiyo anayemwongoza mzee hatakiwi kuhesabu tu muda ambao mzee amezungumza. Anatakiwa kuangalia mazungumzo yanamwelekeza wapi. Mzee anayesimulia namna alivyovuka njaa akiwa na watoto wadogo anaweza kuulizwa ni nini kilichomsaidia na nani alimshika mkono. Swali la namna hiyo humsaidia kuuona uwezo wake mwenyewe. Mzee anayesema kila siku kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha mwanawe anahitaji msaada wa kitaalamu, si swali jingine.

Namna ya kuendesha mazungumzo nyumbani

Familia inaweza kuanza kwa hatua rahisi zifuatazo.

Kwanza, chagua muda ambao mzee hajachoka na hana njaa. Kwa wengi ni asubuhi baada ya chai au alasiri baada ya kupumzika. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa mtu mmoja. Zima televisheni na redio. Keti mbele yake, kwenye mwanga, ili akuone uso na mdomo. Hakikisha amevaa miwani yake kama anayo.

Pili, tumia lugha anayoijua zaidi. Wazee wengi walikulia katika lugha za makabila yao, na Kiswahili kikaja baadaye shuleni, kazini au jeshini. Kumbukumbu ya utotoni hujitokeza kwa urahisi zaidi katika lugha iliyotumika wakati huo.

Tatu, weka kitu mkononi mwake. Taa ya chemli, pasi ya mkaa, kibao cha mbuzi, jembe la zamani, khanga iliyotunzwa sandukuni, sarafu ambazo hazitumiki tena au picha ya harusi vinaweza kufungua mazungumzo ambayo maswali matupu hayawezi kuyafungua. Harufu ya iliki, ya kahawa inayokaangwa au ya udongo baada ya mvua ina nguvu hiyohiyo. Vivyo hivyo nyimbo za bendi za wakati wake, kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au taarabu kwa waliokulia Pwani na Visiwani.

Nne, uliza maswali yanayofungua, si ya mtihani. "Babu, unanikumbuka mimi ni nani?" au "Ulioa mwaka gani?" ni maswali yanayoweza kumfedhehesha asiyekumbuka. Ni bora kusema, "Babu, zamani mlikuwa mnasafirije kwenda mjini?" au "Bibi, enzi zenu binti akiposwa mambo yalikuwa yanakwendaje?" Maswali kama hayo hayana jibu la makosa.

Tano, usimsahihishe. Akisema jambo lilitokea mwaka 1965 nawe unajua lilikuwa mwaka 1967, acha lipite. Lengo si kuandika historia ya Taifa bali ni kumsikiliza mtu. Usimharakishe wala usimmalizie sentensi. Kimya cha nusu dakika mara nyingi kinamaanisha kuwa anatafuta neno.

Sita, hitimisha kwa jambo la sasa. Mshukuru, mtajie kitu ulichojifunza, kisha mnywe chai au mtoke kidogo nje. Mzee asiachwe peke yake ghafla akiwa bado katikati ya kumbukumbu nzito.

Familia nyingine hupenda kuandika au kurekodi simulizi hizo kwa simu. Ni jambo jema, kwa kuwa hubaki kama urithi wa ukoo, lakini lifanyike kwa ridhaa ya mzee. Alichosimulia faraghani kisisambazwe katika makundi ya mitandao ya kijamii bila idhini yake.

Katika vikundi na makazi ya wazee

Kwa vikundi, uzoefu wa kitaalamu unaonyesha kuwa wazee 6 hadi 10 ni idadi inayompa kila mmoja nafasi ya kusema. Kikao cha dakika 45 hadi saa 1, mara 1 kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 12, ni mpango unaotekelezeka. Kila kikao kiwe na mada moja: michezo ya utotoni, shule, kazi ya kwanza, kilimo na mavuno, chakula cha sikukuu, safari, muziki na ngoma.

Mwongozaji asiwe mhutubiaji. Kazi yake ni kugawa nafasi, kumkaribisha aliyenyamaza bila kumlazimisha, na kumpunguza kwa staha anayezungumza kwa niaba ya wote. Ni vyema makubaliano ya usiri yafanyike katika kikao cha kwanza. Katika maeneo yenye wazee wa makabila na dini tofauti, mada zichaguliwe kwa uangalifu ili asijisikie yeyote kuwa mgeni.

Kwa wazee wanaoishi katika makazi, ambao wengi wao wako mbali na ndugu, kitabu kidogo cha maisha kinaweza kusaidia sana. Kinakuwa na jina analopenda kuitwa, mahali alikozaliwa, kazi alizofanya, watu wake wa karibu na mambo anayoyapenda. Mhudumu mpya akikisoma anajua kuwa anayemwogesha ni fundi seremala aliyejenga madawati ya shule, au mkunga aliyezalisha kijiji kizima. Huduma hubadilika anapolijua hilo.

Shule nazo zinaweza kushiriki. Wanafunzi wanaojifunza historia wanaweza kuwaalika wazee wa kijiji kueleza walichokishuhudia. Mzee hupata wasikilizaji wapya, na mwanafunzi hupata ushahidi wa mtu aliyekuwapo.

Tahadhari za kuzingatia

Kumbukumbu si zote tamu. Wapo wazee waliopoteza watoto, waliopitia vita, waliohamishwa makazi, waliopigwa au kudhalilishwa katika ndoa. Methali husema kuishi kwingi ni kuona mengi, na si yote yaliyoonekana yanafaa kufunguliwa na mtu asiye na ujuzi. Mzee akikataa kuzungumzia jambo, uamuzi wake uheshimiwe. Akilia, asikatazwe kulia. Mkae naye kimya, kisha mwulize kama anataka kuendelea au kupumzika.

Mzee afikishwe kituo cha kutolea huduma za afya iwapo ana huzuni isiyoisha kwa wiki 2 au zaidi, amekataa chakula, hapati usingizi, au anasema hana haja ya kuishi. Kauli hiyo ya mwisho isichukuliwe kuwa maneno ya uzee.

Aidha, mzee aliyekuwa na akili timamu akianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura ya kitabibu. Inaweza kusababishwa na malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka, kiharusi au dawa alizotumia. Nyingi kati ya sababu hizo zinatibika, endapo mzee atafikishwa hospitalini mapema.

Usahaulifu si uchawi

Lipo jambo jingine linalolazimu elimu hii imfikie kila mwananchi. Mtu mwenye demensia anaweza kutoka nje usiku bila kujua anakokwenda, kuingia katika nyumba isiyo yake, kuzungumza peke yake au kuwaita watu waliokwisha kufariki. Katika baadhi ya maeneo ya nchi yetu, hususan Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wamewahi kushambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Tabia ambazo ni dalili za ugonjwa, zikitazamwa na jamii isiyoujua ugonjwa huo, zinaweza kugeuka kuwa tuhuma dhidi ya mtu asiyeweza kujitetea.

Bibi anayemwita dada yake aliyefariki miaka 40 iliyopita haongei na mizimu. Ubongo wake umemrudisha katika wakati ambao dada huyo alikuwa hai. Anayeijua simulizi ya maisha ya bibi huyo hulielewa hilo mara moja, kwa sababu analijua jina la dada na nyumba waliyokulia. Kijana aliyekaa na bibi akamsikiliza ndiye atakayekuwa wa kwanza kusimama na kuwaeleza majirani kuwa bibi ni mgonjwa. Kwa maana hiyo, kusikiliza simulizi za wazee ni sehemu ya kulinda maisha yao.

Wajibu wa familia na jamii

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na inaiweka familia mbele katika utunzaji wake. Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Kuzeeka kwa Afya Njema, na kila tarehe 1 Oktoba huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Wazee. Hata hivyo, siku moja ya maadhimisho haiwezi kufidia jioni 364 za kimya.

Familia yenye mzee anayeonyesha dalili za usahaulifu unaozidi, au huzuni ya muda mrefu, inashauriwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako itapewa rufaa inapohitajika. Katika hospitali zenye madirisha maalumu ya wazee, utaratibu huo utumike. Maafisa Ustawi wa Jamii katika halmashauri na Maafisa Maendeleo ya Jamii katika kata wanaweza kutoa ushauri kuhusu malezi ya mzee nyumbani, pamoja na kuunganisha familia na mabaraza ya wazee. Taarifa za mzee anayetishiwa au kunyanyaswa zifikishwe mara moja kwa uongozi wa mtaa au kijiji, ama Jeshi la Polisi.

Mengine yapo ndani ya uwezo wa kila kaya. Simulizi ileile itakapoanza tena jioni, swali moja la nyongeza linatosha kuibadilisha: "Kisha ikawaje, babu?"